Karatasi Isiyokunjwa

Siku ya kwanza ya kazi, kapita, msimamizi wa chumba cha kukunjia, mama mmoja asiyecheka ovyo, aliangalia mikono yangu pande zote mbili kabla ya kuuliza jina langu.

"Uko na jasho mu mikono?"

"Hapana, mama."

"Iko muzuri. Jasho inaharibisha wino. Ikala pale."

Nikaikala, na sikutoka pale mpaka nywele zilipokuwa nyeupe.

Ninawaandikia ninyi wajukuu, mnaoshika kitabu bila kuuliza kimepita mikononi mwa nani. Masomo yangu yaliishia chini. Ninasoma polepole, kidole kikiwa chini ya neno, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa.

Ilikuwa nyumba ya kupiga chapa ya misheni, hapa Likasi. Karatasi ilitoka mashinini ikiwa kubwa kama kitambaa cha meza, bado na unyevu wa wino, kurasa nane mbele na nane nyuma. Hazikufuatana. Safu ya juu ilikuwa kichwa chini, safu ya chini imesimama sawa, vichwa vikigusana kama watoto waliolazwa kitanda kimoja. Unakunja mara moja, mara mbili, mara tatu, unakandamiza na kijiti cha mfupa, na kurasa zinajipanga zenyewe. Fungu hilo tuliliita kaye. Linapigwa pini mgongoni, kisha mashini ya kukatia, masiko, inakata kingo tatu, ndipo gazeti linafunguka.

Asubuhi jua lilipoingia, vumbi la karatasi lilielea juu yetu, na wamama wote walikunja bila kusema, ungefikiri tunakunja nguo za malaika. Kapita hakupenda ndoto.

"We, Mama Ilunga, uko fasi gani?"

"Niko hapa, mama."

"Mikono tu njo iko hapa."

Kila mwezi tulikunja gazeti la maulizo. Halikuwa na siasa wala hadithi. Kati ya twiga na mtu, nani ana mifupa mingi ya shingo? Nundu ya ngamia ina nini ndani? Maulizo mbele, majibu kurasa za nyuma.

Wakati huo mume wangu, Baba Ilunga, alipoteza kazi. Alikuwa mtoto wa mvuvi wa ziwa la Tshangalele aliyekuja mjini kufanya kazi kwenye matanuri ya shaba. Walipopunguza watu, alirudi na begi lake, akaikala kwenye kiti, maneno yakaisha. Hakuwa mgonjwa wala mlevi. Alikula bukari, ugali wetu, akatikisa kichwa, akaangalia ukuta. Watoto wetu wawili, Ilunga na dada yake Mujinga, walianza kupita karibu naye kama wanavyopita karibu na kabati. Hilo ndilo liliniogopesha. Kazi mtu anaweza kuipata tena, lakini baba akigeuka kabati, utamrudisha namna gani?

Karatasi zilizoharibika, zenye wino uliopauka au uliotapakaa, kapita alituachia tukawashie makala, makaa ya kupikia. Moja ya gazeti la maulizo sikuiwasha. Jumapili, baada ya kanisa, niliitandika nzima kwenye mkeka, mbele ya kiti cha Baba Ilunga. Watoto walilala kifudifudi upande wa pili, wa mlango, wakimwelekea.

"Samaki analala?" Mujinga alisoma. Akatafuta jibu, akainamisha kichwa mpaka shingo ikachoka. "Baba, soma weye. Huku kwetu iko kichwa chini."

"Tugeuze karatasi," Ilunga akasema.

"Hapana kugeuza," nikamwambia. "Karatasi ya kazi haigeuzwe."

Sheria hiyo haikuwepo. Niliitunga palepale.

Baba Ilunga alikawia. Kisha akainama. "Analala," akasema, na sauti ilikuwa na kutu. "Macho wazi. Haiko na kifuniko ya jicho."

Nilifikiri imekwisha. Lakini akaendelea. "Kule Tshangalele, maji ikitulia, unamuona karibu na miti ile ilikufa mu maji. Anasimama tu, anatingizika kidogo, sawa muntu mu kanisa."

"Na weye ulimushika?" Ilunga akauliza.

"Minye? Nilimuacha alale."

"Baba anadanganya," Mujinga akacheka.

"Uliza mama yako kama minye najua kudanganya."

"Anajua," nikasema.

Tangu siku hiyo, Jumapili zetu zilikuwa na karatasi katikati na watu pande mbili. Jibu likiwa upande wa watoto, baba aliwaomba wao. Nyumba ilinukia wino na maji ya ziwa ambalo watoto hawajaliona.

Kisha wachuuzi wa sokoni wakafungia karanga karatasi zetu mbovu, na watu wakala karanga wakasoma majibu kabla gazeti halijatoka. Direkteri, mkubwa wa nyumba ya chapa, aliamuru kila karatasi mbovu ikatwe vipandevipande. Hakuwa mtu mbaya. Kapita alipomwambia habari za nyumbani kwangu, alinipa gazeti zima, limekatwa vizuri, linang'aa.

Ilunga alilichukua, akaenda kusoma nyuma ya nyumba. Mujinga alingoja zamu yake mpaka akalala. Baba Ilunga aliangalia ukuta. Jumapili iliyofuata nilitoa pini, nikataka kutandika kurasa kama zamani, lakini masiko ilikuwa imekwisha kukata mikunjo. Zilianguka mojamoja kama majani.

Nikaenda kwa Direkteri.

"Mama Ilunga, nakupatia ya muzuri, unataka ya kuoza?"

"Ndiyo, Direkteri. Ile ya muzuri inasomwa na muntu moja. Bengine banamuangalia mugongo."

"Na ile ya kuoza?"

"Haisomeke bila baba yao."

Alizungusha kalamu. "Ngojea gazeti itoke ku soko kwanza," akasema. "Kiisha, beba."

Siku niliyoifikisha nyumbani, imeviringwa chini ya kwapa, Baba Ilunga alisogeza kiti mwenyewe. "Hii ilichelewa wapi?" akauliza. Niligeuka, nikaenda kuchochea makala, ili asione uso wangu.

Baadaye nilikuwa kapita mimi mwenyewe, mkali kuliko yule wa kwanza, waulizeni wasichana wangu. Nilipostaafu walinipa kitenge na kunishukuru kwa mikunjo iliyonyooka. Ilikuwa imenyooka kweli, sikatai. Kazi ifanyeni vizuri, hata ile ambayo haitajwi. Lakini mkiwa nyumbani, tazameni nani ameangalia ukuta, na mmwachie kitu kimoja ambacho bila yeye hakisomeki.

Ilunga sasa yuko Lubumbashi, Mujinga yuko Kolwezi. Jumapili wanapiga simu. Juzi Mujinga aliuliza, "Mama iko?"

"Iko," Baba Ilunga akajibu, akaendelea kusema. Nilinyoosha mkono nipewe simu. Hakuniona, alikuwa katikati ya habari fulani. Basi nikaurudisha mkono, nikafunga macho kwenye jua la mchana, nikamsikiliza.