Kisanduku Nilichosahau Kukipanua

Miaka ya themanini nilikuwa mchora ramani katika ofisi moja mjini Shinyanga. Kila ombi jipya la kuchimba dhahabu lilipotoka Geita, nilihakikisha kwamba halimwingilii mtu mwingine. Vitalu vilikuwa na kona za ajabu, vikifuata vijito na miamba, na kuvilinganisha kimoja kimoja kulinimalizia asubuhi nzima. Mimi si mvumilivu.

Nikabuni njia. Kila kitalu nilikizungushia kisanduku kwa penseli. Visanduku vilivyopakana nikavitia ndani ya kisanduku kikubwa, na vikubwa ndani ya vikubwa zaidi. Ombi likija, naanza na kikubwa. Lisipokigusa, vyote vilivyomo nimeshavivuka kwa mkupuo. Likikigusa, ndipo nashuka kwenye vidogo. Kazi ya asubuhi ikawa ya dakika kumi. Mkuu wangu akanisifu mbele ya wenzangu, na mgema akisifiwa, mnajua wenyewe.

Mama mmoja mjane aliomba kitalu chake kiongezwe, kivuke kijito. Hakutaka dhahabu ya ng'ambo. Alitaka kaburi la mumewe liwe ndani ya mpaka wake, wachimbaji wasiliguse. Akakubaliwa. Nikapanua kisanduku chake kidogo, nikaenda kunywa chai. Kile kikubwa kilichokizunguka sikukigusa, kwa hiyo kaburi likabaki nje yake.

Baada ya masika mchimbaji mgeni akaomba ng'ambo ileile. Nikatazama kikubwa, nikaona hakuna kinachogusana. Sikushuka kwenye vidogo. Nikagonga muhuri, nikajiona kidume. Mgeni naye akachimba kwa moyo mweupe, maana mvua zilikuwa zimelisawazisha lile kaburi.

Yule mama mjane alikuja ofisini, vumbi hadi magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Nikaanza kumweleza habari za visanduku, kipi kilitakiwa kupanuliwa baada ya kipi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ng'wanawane,” akasema, kama mama anavyomwita mwanawe, “wamemmwaga na kifusi. Sasa nikimlilia, nielekee wapi?”

Niliona aibu, na aibu ile sijaimaliza. Kesho yake nilipanda lori kwenda naye. Tulichekecha kifusi siku tatu, mama, mimi na yule mchimbaji. Tulichokipata mama alikipanga juu ya khanga, kichwa hadi miguu.

Mifupa haikutimia.