Bolti Nne Kwenye Kahawa ya Maganda

Nilipostaafu ualimu, wanangu walininunulia kiti. Kiti kizuri cha mbao chenye mito miwili. Wakakiweka barazani kwetu Kashozi, kikitazama migomba, wakaniambia, "Baba, sasa pumzika." Nikawashukuru sana. Kisha nikachukua sehemu ya kiinua mgongo changu nikanunua pikipiki ya mbio.

Sisemi hizi za bodaboda. Hii ni nyekundu, ya silinda nne, mpandaji anailalia tumbo, na ikiunguruma kuku wa jirani wanaingia ndani wenyewe. Iliponifikia ilikuwa imeshatumika na ilikuwa hoi: mnyororo umekauka, mafuta ya breki yamekuwa meusi kama chai ya rangi. Mafundi wa Bukoba mjini ni hodari kwa pikipiki za kazi, lakini hii waliizunguka tu, wakapiga nayo picha. Basi nikaamua nitaihudumia mwenyewe, nyumbani kwangu, kwa mikono yangu. Nimefundisha fizikia tangu nikiwa na nywele nyeusi. Msuguano nimeuchora ubaoni mpaka chaki zikaniharibu kifua, kwa nini nishindwe kuushika mkononi?

Mke wangu hakuipenda. Hakupiga kelele, maana yeye si wa kelele. Aliiita "hiyo". "Hiyo imemwaga oili kwenye maua yangu." "Hiyo umeilisha kabla hujala?" Mwanangu wa Mwanza ndiye aliyekuja juu. Alipiga simu akaniambia watu wanamcheka, baba mzima mwenye wajukuu anapita Kashozi amelala juu ya pikipiki kama kijana anayetafuta mchumba.

"Wanacheka nini?" nikamuuliza. "Mimi naona wananipungia mkono."

"Baba, uzee una heshima yake."

"Nayo heshima yangu imeharibika wapi? Nimeiba?"

Tukabishana mpaka tukafika mahali pa kuwekeana sharti. Jumamosi ile mjukuu wa dada yangu alikuwa anapata kipaimara kule Kimwani, wilayani Muleba, na ukoo wote ungekuwepo. Mwanangu akasema, "Njoo nayo Kimwani. Ukifika salama, sitasema tena. Ukishindwa, mnunuzi ninaye, na nitakuja kuichukua." Mama yake alikuwa amekaa pembeni anamenya ndizi, simu ikiwa kwenye sauti kubwa. Akasema bila kuinua uso, "Hayo ni maneno ya mtu mzima." Hakuwa anamsifu mumewe.

Nikakubali. Kutoka kwetu mpaka Kimwani ni mteremko na mlima, mlima na mteremko, na sikuwa tayari kuianza safari hiyo na breki ninazozitilia shaka. Siku mbili kabla, nikaamua kuzifungua za mbele.

Anayekaa kwenye kibanja cha migomba na mibuni anajua kwamba kitu kidogo kikianguka humo hukipati. Chini ni nyasi na majani makavu yaliyotandazwa, yanameza hata panga. Mahali pasafi palipo wazi ni pale uani tu, tunapoanika kahawa ya maganda kwenye turubai. Nikaegesha pikipiki kando ya turubai. Nikafungua vile vibano viwili vinavyobana sahani za breki, nikaviosha, nikaweka pedi mpya. Bolti nne zinazovishikilia nikazipanga kwenye ukingo wa turubai ambako hapakuwa na kahawa. Zilikuwa zinang'aa. Nikajisifu kimoyomoyo kwa utaratibu wangu.

Mvua ikaja kutoka ziwani kama zinavyokuja mvua zetu, bila kubisha hodi. Na kwetu mvua ikikuta kahawa nje, haulizwi mtu wala haagizwi mtu. Aliyekuwa anasonga ugali anauacha, aliyekuwa anasali anamalizia njiani. Mke wangu alitoka jikoni mbio, akakunja turubai kutoka pembe zote nne, akamimina kila kilichomo kwenye gunia. Mimi nilikuwa nahangaika kuifunika pikipiki, maana vibano vilikuwa vinaning'inia na maji yakiingia humo ni kazi upya. Niliporudi uani gunia lilikuwa limeshafungwa, nalo mvua imeliloanisha mgongo tu.

"Nimekuona ulikokimbilia," akasema.

Alisema kweli. Na ingenyesha tena ningekimbilia kulekule.

Asubuhi nilitafuta bolti zangu kwenye matope, nikapekua nyasi mpaka kwenye shina la kila mgomba wa karibu. Nikapanda bodaboda hadi mjini. Muuza vipuri akanipa bolti nne za chuma laini, akaniambia, "Weka hizi, mzee, zinashika." Nikazirudisha mezani pake. Zinashika kitanda, hizo. Breki ya mbele ndiyo inayobeba uzito wote unaposimama, na mimi sikuwa nimekusudia kumfurahisha mwanangu kwa kufika Kimwani ndani ya jeneza. Lakini njiani kurudi nilikuwa na hofu. Niliiona pikipiki yangu ikipakiwa kwenye lori, nami nimekalia kile kiti chenye mito miwili.

Nilipofika nyumbani mke wangu hakuwepo. Jirani akaniambia ameshapeleka kahawa kwenye chama cha msingi, ikapimwe na kuuzwa. Nikatazama pale uani palipokuwa na turubai, nikaelewa bolti zilikomiminiwa: ndani ya gunia. Sikuwaza tena bolti. Nilimwaza yeye.

Maana kwetu mtu akikutwa na jiwe ndani ya gunia la kahawa, amekwisha. Watu wataamini ameliweka aongeze uzito. Watamcheka kisimani, watamcheka kanisani, na siku ya mazishi yake atakuwepo mmoja wa kulitaja jiwe lile.

Nilimkuta amesimama mbele ya mizani, gunia letu limemiminwa nusu kwenye turubai la chama. Karani alikuwa ameshika bolti mbili juu, kila mtu azione. Foleni yote ilikuwa inamtazama. Mke wangu mikono ameifumbata kifuani, macho kwenye ukuta. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumwona amesimama namna ile, kama mwanafunzi aliyetolewa mbele ya darasa. Nilichukia sana. Nilimchukia karani, nikaichukia foleni, na nikajichukia kidogo na mimi.

"Hizo ni zangu!" nikasema kwa sauti ya darasani.

"Mwalimu, waitu, shikamoo," karani akasema kwa adabu ya kwetu. "Lakini chuma ndani ya kahawa ni chuma."

"Ni bolti za breki. Ziko nne. Mwaga gunia zima. Ukikuta ya tano, au ukikuta jiwe hata la kumpigia ndege, tufukuze mbele ya watu hawa wote."

Akamwaga. Ya tatu ikajitokeza mara moja. Ya nne haikuonekana. Karani akapitisha reki mara moja, akapitisha tena. Mama mmoja nyuma yangu akaguna, "Mama wee! Haya makubwa." Hapo mke wangu akapiga magoti kwenye turubai, akaanza kuichambua kahawa kwa viganja, taratibu, kama anavyoichambua nyumbani. Hakunitazama. Akaichambua mpaka akainuka na bolti ya nne. Akamkaribia karani.

"Umeona jiwe?"

"Hapana, mama."

"Basi pima."

Karani akapima.

Tulirudi kwa miguu. Bolti zilikuwa kwenye pindo la kitenge chake, amezifunga fundo. Nilijaribu kumpa pole mara mbili, nikaona maneno hayatoshi. Tulipoingia kibanjani akasimama mbele ya pikipiki, akafungua fundo.

"Haiuzwi," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Ikiuzwa wiki hii, watasema pikipiki ilikuwa kisingizio, chuma kilikuwa cha kuongeza uzito kwenye mizani. Mimi nimekaa miaka yote naanika kahawa safi. Haiuzwi, mwalimu. Itapita mbele ya kile chama, na mimi nitakuwa juu yake. Zinafungwaje hizi?"

Nikamwonyesha. Unaipaka kila bolti dawa ya kuzuia isilegee, unaianza kwa vidole, kisha unakaza kwa ile spana inayopima nguvu, ambayo ikifika kiasi inalia "tak". Nikashika kibano, yeye akashika spana. Ya kwanza aliikaza kwa hasira nikamzuia mkono. Zilizobaki alizikaza akitega sikio. Ilipolia ya mwisho akasema, "Kumbe inasema." Tukaminya mshiko wa breki mpaka ukawa mgumu, nikaijaribu kwenye njia ya kanisani, ikasimama palepale nilipotaka.

Jumamosi alivaa suruali yangu ya shamba ndani ya gauni, kitenge juu, na helmeti aliyoazima kwa kijana wa bodaboda. Mbele ya chama kulikuwa na foleni. Nilitaka kupita kwa heshima. Akanigonga begani. "Punguza," akasema. Nikapunguza. Akainua kile kioo cha helmeti, akawasalimu mmoja mmoja, mpaka na karani. Kisha akakishusha. "Haya, twende."

Tulipita Bukoba mjini, tukapita Muleba, na kwenye kila mteremko nilihisi vidole vyake vikizama kwenye mbavu zangu kisha vikilegea. Tulifika Kimwani misa haijaanza. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ya shangazi yake, na kando yake mwanamume mmoja mwenye miwani ya jua ambaye sikumfahamu. Mwanangu alinitazama mimi kwanza, akiwa na maneno yake tayari. Halafu aliyekaa nyuma yangu akavua helmeti.

"Mama! Na wewe umepanda hiyo?"

"Breki nimefunga mwenyewe," akasema, akishuka pole pole huku akishika bega langu. Akalinyoosha gauni lake, akamgeukia yule mwenye miwani. "Wewe ndiye mnunuzi? Karibu kwetu Kashozi. Tuna kiti tunauza."