Neno Alilotuita Sista

Enzi zetu, kule vijijini kati ya Goweko na Tabora, mtoto hakujua kwamba kwao ni maskini mpaka aambiwe. Mimi niliambiwa kwa lugha ya kigeni, nikafurahi.

Ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya Ujamaa. Kwetu tulikotoka tulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, ghala la mahindi na mizinga ya nyuki aliyoiacha marehemu baba. Tukaletwa kwenye kiwanja kilichopimwa kwa kamba, mama akajenga kibanda cha nyasi. "Agnesi," aliniambia, "hapa tumejishikiza tu. Nyumba inakuja."

Sisi watoto tuliona raha. Wenzetu wa kucheza rede walikuwa mlango wa pili. Shule, ambayo zamani ilikuwa mwendo wa saa mbili, sasa tuliisikia kengele yake tukiwa bado tunatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani, vigumu kiasi cha kung'oa jino.

Jirani na shule palikuwa na zahanati ya misheni. Padri Anselmo alitoka Hispania, na Sista Lusia, muuguzi, alitoka Ufilipino. Wao kwa wao walizungumza Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake, nasi tulikwenda dirishani kuwasikiliza tupate kucheka. Siku moja nilikwenda kutolewa funza. Padri alinitazama miguu, akatazama na gauni langu la viraka, akasema, "Pobre." Sista akaitikia, "Pobre," akanipapasa kichwa, akanipa biskuti.

Kwa akili yangu, neno linaloleta biskuti lilikuwa sifa. Nilitamba nalo shuleni wiki nzima. Nyumbani nikamwambia mama, "Padri na Sista wamesema mimi ni pobre."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mtoto mwema."

Mama akatabasamu, akaendelea kutwanga.

Jumapili, baada ya misa, alimfuata Sista mbele ya watu wote, akapiga goti kidogo kama desturi yetu. "Sista, ahsante kwa kumwita mwanangu pobre. Na mimi mama yake, ukiniona, ni pobre."

Sista alibadilika uso. Padri akatazama viatu vyake.

"Nimekosea?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Mimi nimekosea." Sista alisema polepole, akitafuta maneno. "Kwetu hilo neno ni maskini. Wahispania walitutawala zamani. Waliondoka, neno likabaki."

"Maskini asiye na kitu, au maskini wa kuonewa huruma?"

"Yote mawili, mama."

Mama aliaga kwa adabu, akanishika mkono tukaondoka. Njiani nililia, si kwa umaskini, bali kwa aibu niliyomtia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Biskuti usichukue tena."

Juma lililofuata aliniamsha alfajiri tukarudi kwenye mahame yetu. Nyumba ilikuwa imeanza kubomoka, lakini mizinga ilikuwa na asali. Mama alikaa kidogo kwenye kizingiti, kisha akaenda kurina. Tulirudi na kibuyu kimejaa, tukapita moja kwa moja zahanati.

Sista alikataa kupokea. "Mama, hii wape watoto wako."

"Mama yako yuko wapi?" mama akamuuliza.

"Ufilipino."

"Mmeonana lini mara ya mwisho?"

"Miaka sita iliyopita."

Mama aliweka kibuyu mezani. "Maskini," alisema, na hakusema kwa kulipiza. Sista alijifunika uso kwa mikono, akalia kama mtoto. Mama alimwacha alie, kisha akamfungulia kibuyu, tukala asali kwa vidole, sote watatu.

Tangu hapo Sista alikuja kwetu kila Jumamosi. Alijifunza kuchambua mlenda na kuukoroga, na sisi tulijifunza kutomcheka Kiswahili chake. Tulipojenga nyumba ya udongo, alikandika ukuta mmoja mwenyewe, ukawa na mabonde mengi kuliko kuta zote. Mama hakukubali urekebishwe.

Leo mama hayupo, na Sista alirudi kwao siku nyingi. Mimi nakaa Tabora mjini, nyumba ya bati na umeme. Mjukuu wangu akiishiwa bando la simu ananiambia, "Bibi, niko choka mbaya," yaani hana kitu, na amevaa viatu ambavyo darasa letu zima lisingeweza kuvinunua. Namcheka, naye ananicheka kwa kutojua bando linaishaje. Ila upande wa pili wa ukuta wetu amehamia mwanamke mmoja, huu mwaka wa nne, anakaa peke yake. Tunapungiana mikono getini. Sijui kwao ni wapi. Enzi zile, kufikia Jumapili ya kwanza, tungekuwa tumeshamuuliza.