Mgeni wa Asubuhi ya Mtihani

Kilichonishangaza kwanza Guangzhou ni kwamba watu wengi kiasi kile waliweza kupitana bila kusalimiana. Nilitoka Kibuli, mtaa wa Kampala, ambako kutoka kwetu hadi msikitini si mbali lakini hufiki upesi, maana kila mlango una mtu wa kuulizwa habari za watoto na za mguu unaomsumbua. Siku zangu za mwanzo kule nilisalimia kila aliyeingia kwenye lifti. Wakanitazama kama mtu anayetaka kuomba kitu. Nikaacha.

Nilikuwa nimekwenda kusoma Kichina katika chuo kidogo cha lugha. Nikifaulu, ningeingia chuo cha ufundi kusomea umeme. Nikishindwa, viza ingekwisha na ningerudi nyumbani. Kibuli walilijua hilo, lakini walilijua kama mtu anavyojua habari za mvua ya nchi nyingine.

Mji wenyewe niliupenda kuliko nilivyotazamia. Joto lake lilikuwa la majimaji, shati nililofua Jumatatu halikauki. Pikipiki zilikwenda kwa umeme, hazina mlio, na mimi niliyezoea kusikia bodaboda kabla ya kuiona niliponea chupuchupu kugongwa. Watu walikunywa maji ya moto katika joto lile. Alfajiri, nikitoka kuswali, niliwakuta wazee bustanini wakinyoosha mikono polepole, wote pamoja, na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Nilisimama kuwatazama. Hata sasa nikifumba macho ninawaona wao kabla ya maghorofa.

Mwalimu wetu alikuwa mama mwembamba aliyeturudisha kwenye neno moja mpaka midomo ikachoka. Alisema nina sikio zuri. Sijawahi kusifiwa hivyo darasani, wala kabla wala baadaye.

Kisha wakaanza kuja wageni. Wafanyabiashara wa soko la Owino walikuwa wakisafiri kwenda kununua mali, na Kibuli habari zilikwisha kuenea kwamba kuna mtoto wetu kule anayejua lugha. Katika nyumba niliyokulia, mgeni haulizwi anaondoka lini. Mama huongeza maji kwenye mchuzi, basi. Kwa hiyo mtu akipiga simu kusema ameagizwa kwangu na shangazi, nilikwenda kumpokea. Niliwapeleka kwenye majengo ya kuuzia bidhaa kwa jumla, ghorofa moja vifungo vitupu, nyingine nywele za bandia tu. Niliwafasiria, nikawatafutia nyama halali, nikawasindikiza na mizigo. Vipindi vikanipita. Mwalimu akaniita, akaniambia kwa upole kwamba sasa nimebakiwa na mtihani wa kuzungumza, na nikiukosa huo hatakuwa na la kunisaidia.

Asubuhi ya mtihani nilimkuta Hajati langoni mwa bweni. Alikuwa rafiki wa mama, muuza vitambaa, mwanamke aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Mkononi alishika kifurushi cha simsim kutoka nyumbani. Dalali alikuwa amemtoroka, ndege yake ilikuwa jioni, na hakuwa amenunua hata jora moja.

Nilimwambia nina kipindi. Sikusema mtihani. Kusema mtihani kungekuwa sawa na kumwambia aondoke, na mtu aliyekubeba mgongoni humwambii aondoke.

“Kwani mwalimu wako si mtu?” akasema. “Mwambie umepata mgeni. Atakungoja.”

Nami nikaamini, au nilitaka kuamini. Kwetu angengoja kweli. Kwetu ukisema umepata mgeni, hata mwalimu mkuu hukuuliza kama mgeni amekula.

Tulizunguka soko la vitambaa. Hajati alipapasa kila jora, akawatania wauzaji kwa Kiswahili nao wakacheka bila kujua walichochekea. Niliporudi chuoni, mwalimu alikuwa akifunga madirisha. Nikamweleza. Akauliza kama mgeni alikuwa mgonjwa. Nikasema hapana. Akauliza kama alikuwa mama yangu. Nikasema hapana. Akanitazama kitambo, bila hasira, kama mtu anayetafuta neno ambalo hakufundishwa, kisha akachukua mkoba wake.

Nilirudi Kampala nikasema kozi imekwisha. Haukuwa uongo. Tangu hapo nimeishi Juba, Dubai, Mombasa, kila mahali nikiwa mtu wa kuonyesha wengine njia, na kila mahali nikiondoka kabla ya kuzoea kitanda. Sasa nimepanga chumba Kasubi, humu humu Kampala, nami sijui kwa muda gani.

Mwezi uliopita Hajati aliniita Kibuli. Mjukuu wake, binti mtaratibu, amepata nafasi ya kusoma China. Tulikaa kwenye sinia moja la pilau.

“Mwambie habari za kule,” Hajati alisema. “Huyu ndiye aliyenitembeza, mjukuu wangu. Bila yeye ningerudi mikono mitupu.”

Nikamsimulia binti habari za pikipiki na za wazee wa bustanini. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza ni nini hasa ajihadhari nacho.

“Wageni wa kutoka nyumbani,” nikasema. “Siku ya mtihani, usimfungulie mtu.”

“Hata bibi, mjomba?”

“Hata bibi.”

Hajati akacheka, akasema Kasubi imenifundisha uchoyo, akanisogezea nyama. Halafu mkono wake ukasimama juu ya sinia.

“Siku ile,” akasema, “kile kipindi.”

“Zamani hiyo, Hajati. Kula.”

Hakula. Aliuvuta mkono wake, akaufuta kwa upindo wa leso, kidole kimoja baada ya kingine. Binti alitutazama mmoja mmoja. Nikaendelea kula peke yangu upande wangu wa sinia, kwa sababu ningeacha na mimi, Hajati angejua yote.