Kuzamia Katika Bwawa la Perege

Niliondoka Tukuyu na cheti cha kidato cha nne, nikaenda Unguja kufua mashuka ya hoteli. Baada ya mwaka nikahamishiwa kwenye boti ya wazamiaji, kubeba mitungi ya hewa. Siku moja mwalimu wa kuzamia alichoka kunisikia nikiuliza huko chini kuna nini, akanivalisha mtungi mmoja. Miaka miwili baadaye nilikuwa nawaongoza wageni chini ya maji, na nyumbani hakuna aliyeamini. Shangazi yangu aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, huko chini tunakula saa ngapi.

Kisha nikaacha. Bosi nilimwambia mama yangu ameugua figo, amelazwa hospitali ya Igogwe, na mimi ndiye binti pekee. Wakati huo mama alikuwa anachuma chai na kubeba mikungu ya ndizi kichwani, figo zake nzima kuliko zangu. Nyumbani nikasema msimu umekuwa mbaya na kazi imeisha.

Ukweli ni kwamba tukiwa mita kumi na nane chini, mgeni alinipiga teke la uso kwa bahati mbaya. Miwani ya kuzamia ikatoka, maji yakaingia puani, nikasahau kila kitu nilichokuwa nikiwafundisha wengine. Nikapanda juu kama kizibo. Anayepanda hivyo anaweza kupasuka mapafu. Mimi sikupasuka chochote, ila nilimwacha mgeni wangu chini peke yake. Alipanda mwenyewe, taratibu, kama nilivyomfundisha asubuhi ile.

Hiyo ni miaka kumi na miwili iliyopita. Tangu hapo nimeuza mitumba Msasani, nimepika katika nyumba ya wageni Tunduma, nimekaa Songea miezi minane kwa sababu ambayo siikumbuki. Kila niliporudi nyumbani niliwahadithia watu bahari. Zilikuwa hadithi nzuri, na zote ziliishia kabla ya lile teke.

Mwaka huu, mwezi wa sita, nikiwa nyumbani, nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa mwenzangu wa zamani wa Unguja. Siku hizi ana boti yake na wageni wake. Alikuwa anawaleta Matema kwa wiki moja kuangalia samaki wa Ziwa Nyasa, na msaidizi wake ameshindwa kuja.

"Wewe si ndiye wa huko?" alisema. "Njoo tufanye kazi. Ila miaka imepita, lazima nikupime kwanza. Utavua miwani chini ya maji, utaivaa tena, utatoa maji kwa kupuliza pua. Unakumbuka, si ndiyo?"

Nikamjibu kwamba nakumbuka. Nilikumbuka vizuri sana.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Tukuyu ukisema mtungi watu wanajua ni wa gesi, kwa hiyo nilianza na nilivyokuwa navyo: miwani yangu ya zamani na mrija wa kupumulia. Zoezi lenyewe si gumu kulieleza. Unavua miwani, unalaza uso majini, unapumua kwa mdomo kupitia mrija huku pua imekaa wazi ndani ya maji. Mdomo unapata hewa ya kutosha, lakini kichwa hakiambiliki. Pua ikiguswa na maji, kichwa kinapiga kelele kwamba unakufa.

Kaka yangu ana bwawa la perege nyuma ya migomba, kule kwetu Ibighi. Maji yanafika kifuani na yana rangi ya chai ya maziwa. Mwezi wa sita yana baridi ya kuuma mifupa. Niliingia na suruali ya traksuti na sweta.

"Kalumbu," kaka alisema, maana ndivyo kaka anavyomwita dada yake kwa Kinyakyusa, "samaki wangu wakikonda kwa hofu, utawanenepesha wewe."

"Wewe ingia unisaidie."

"Nikusaidie kufanya nini? Kuogopa?"

Aliingia. Nilimwomba anishike kisogo anikandamize, ahesabu kwa sauti mpaka kumi, ili nisiinuke mapema. Kazi hiyo aliipenda kuliko nilivyotarajia. Tulifanya hivyo Jumamosi nzima. Kila mara nilivumilia mpaka tatu, nikajinasua, nikaibuka nikikohoa na kutoa machozi. Tukapumzika kidogo, tukaanza tena.

Sasa hapo lazima nieleze jambo. Kanisa letu hubatiza watoto wachanga, kwa maji ya kiganjani, basi. Ng'ambo ya kijito kuna kanisa jipya linalozamisha watu wazima, mara tatu kila mmoja. Kwetu, mtu akikubali kuzamishwa anakuwa amesema ubatizo wake wa kwanza haukuwa kitu. Jina lake hufutwa, hashiriki tena meza ya Bwana. Na mama yangu ni mzee wa kanisa.

Bwawa la kaka linaonekana vizuri kutoka njia ya juu. Mpita njia yeyote Jumamosi ile aliona mwanamume amesimama majini, kamshika mwanamke kichwa, anamzamisha huku akipaza sauti: "Moja! Mbili! Tatu!" Kisha mwanamke anaibuka akilia.

Jumatano wakaja wazee wawili wa kanisa: mwalimu mstaafu ambaye ni katibu wa baraza la wazee, na mama mmoja jirani. Mama yangu aliwapa chai na ndizi za kuchemsha. Wakaongea habari za mvua. Wakaongea habari za msiba wa wiki iliyopita. Ndizi zilipokwisha mwalimu akanigeukia.

"Mwanangu, hatukuja kuhukumu. Tumekuja kusikia."

"Kusikia nini, mwalimu?"

"Habari za maji."

Mama akaweka kikombe chini. "Maji gani?"

"Binti yako amezamishwa, mama mzee. Jumamosi. Mara tatu."

"Mara tatu?" yule mama jirani akamkatiza. "Mimi nilihesabu mara kumi na nne, nikachoka, nikaenda zangu."

"Hapo ndipo tuliposhindwa kuelewa," mwalimu alikiri. "Hata wale wenyewe hawazidishi hivyo."

"Labda dhambi zake zilikuwa nyingi," kaka alisema akiwa mlangoni. Mama alimtazama mara moja tu, kaka akatoka nje.

Nikasema yalikuwa mazoezi ya kazi, nimeitwa Matema kuzamia.

"Mazoezi?" mama jirani alishangaa. "Wewe si umeishi humo baharini miaka? Ulituambia mwenyewe, hapahapa, unapumua huko kama uko sebuleni."

Ni kweli nilisema. Nilisema hata na aina ya makochi. Nilijaribu kutafuta uongo mwingine mdogo wa kuziba pengo, nikaona kila ninaoupata unamrudisha mama kwenye aibu ya ubatizo. Basi nikaeleza yote: teke, maji puani, mgeni niliyemwacha chini, na bosi niliyemdanganya. Nilieleza nikitazama sahani ya maganda ya ndizi.

Mama aliiondoa ile sahani mbele yangu.

"Kwa hiyo mimi niliugua nini?"

"Figo, mama."

"Moja?"

"Zote mbili."

"Nikalazwa?"

"Igogwe. Wiki tatu."

"Na chakula alikuwa ananiletea nani?"

"Mimi."

"Ndaga fijo," alisema mama, asante sana, kwa sauti kavu kama kuni. Mwalimu alikohoa ndani ya kikombe.

Lakini mwalimu alikuwa amefundisha miaka mingi, na hakuzoea kukubali jibu bila kuona njia. Akasema ingefaa waone hayo mazoezi kwa macho. Tukashuka wote bwawani, miavuli mitatu na mimi na traksuti yangu. Kaka akauliza anikandamize? Mwalimu akasema hapana, asiniguse mtu, hiyo ndiyo iliyoleta maneno. Nikaweka mrija mdomoni, nikalaza uso majini bila miwani. Nilitaka sana kufika kumi. Nilifika tatu. Niliibuka kwa kishindo, nikikohoa, nimeshika jani la mgomba.

Mwalimu alinitazama, akatoa daftari mfukoni.

"Huyu hajaenda popote," alisema akiandika. "Mtu anayeyakimbia maji namna hii, wale hawawezi kumpokea."

Yule mama jirani aliafiki. Wakaniaga kwa heshima, wakaenda. Nilikuwa nimesafishwa jina kwa kushindwa mtihani wangu, mbele ya mashahidi, na kwa maandishi.

Nilianza kutoka majini.

"Unakwenda wapi?" Mama alikuwa bado yuko ukingoni.

"Nasikia baridi, mama."

"Mgonjwa ni mimi. Rudi humo."

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi. Aligeuza ndoo, akaikalia, akafungua mwavuli. Hakunishika wala hakuhesabu. Alikuwa ananipigia stori. Ndani ya mrija pumzi ina kelele, hasa ukipumua kwa hofu, kwa hiyo ukitaka kusikia neno lolote lazima upumue polepole. Siku mbili za kwanza nilisikia vipande tu na niliinuka mara nyingi kuuliza, "Nani? Alifanya nini?" Mama alikataa kurudia. "Ungekaa ungesikia," alisema. Siku ya tano alisimulia harusi nzima ya Kyela, kuanzia barua ya posa mpaka ugomvi wa wapishi, na mimi nikiwa nimelaza uso majini, pua wazi. Nilipoinuka alikuwa ameshasimama anakung'uta mwavuli.

"Leo umesikia," alisema, akapanda kwenda kuchuma chai.

Matema nilimkuta mwenzangu ana kitambi na mvi. Tulipiga magoti pembeni ya ziwa, kwenye maji ya kifuani ukisimama, mitungi mgongoni. Akaniashiria. Nikavua miwani, na mara hiyohiyo nikasimama wima, kichwa nje ya maji, nimeduwaa kama sijawahi kuona bwawa maishani.

Naye akasimama. Nikaamua kusema kabla hajauliza. Nikamwambia habari za teke.

"Najua," alisema. "Yule mgeni alitueleza siku ileile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema mama anaumwa. Mtu akisema mama anaumwa, unamwambia nini?" Akarudisha kifaa cha kupumulia mdomoni, kisha akakitoa tena. "Alipona?"

"Amepona."

"Haya. Tena."

Tukashuka. Nikavua miwani. Maji yaligusa pua, kichwa kikaanza kelele zake, nikaendelea kuvuta hewa kwa mdomo, polepole, mpaka nikazisikia punje za mchanga zikisuguana chini ya magoti. Nikavaa miwani, nikapuliza. Nikaona tumbo la mwenzangu, na kidole gumba na cha shahada vimeungana duara: sawa.

Kesho yake tulishuka na wageni kwenye miamba. Kwenye mita kumi, mzee mmoja miwani yake iliingia maji. Niliyaona macho yake, nikayajua. Alishaanza kupiga miguu kupanda. Nilimshika mkanda, nikakaa usoni kwake, nikamwonyesha kwa mkono: vuta, toa, vuta, toa. Alitoa macho. Nikaendelea kumshika. Mwishowe akapuliza pua, mara moja, mara ya pili, maji yakatoka. Tukamalizia safari tukiangalia samaki wa buluu.

Ufukweni alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hajawahi kuona mtu mtulivu kiasi kile, akauliza nimefanya kazi hii miaka mingapi mfululizo.

"Tangu jana," nikamwambia.

Alicheka sana, akawaambia wenzake kwa lugha yao, nao wakacheka. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nimeinama nafungua mikanda ya mitungi, mmoja baada ya mwingine.