Chumba cha Familia

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na hilo nalikiri mapema kwa sababu maneno ndiyo yaliyoniponza. Ningekuwa mkimya kama baba yangu, haya yote yasingetokea.

Baba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa miaka mitatu alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Pale kwetu Gehandu alishaacha kwenda machungani. Jioni alikaa kwenye kigoda nje ya boma akisikiliza ng'ombe wanavyoingia, na kwa mlio wa kengele tu alikuambia yupi amebaki nyuma na yupi anachechemea. Watu walimsifu sana kwa hilo. Yeye alikuwa anachukia kusifiwa, alitaka kuwaona ng'ombe wake.

Mwezi wa saba tukasikia kwamba madaktari wa macho wamekuja hospitali moja ya Mbulu mjini, watapasua kwa siku nne, na mgonjwa awe kwenye foleni saa moja asubuhi. Mimi naishi Babati, nauza spea za pikipiki, na wakati huo ndiyo kwanza nimenunua gari, Noah. Nikasema mzee nampeleka mimi mwenyewe. Ila nilikuwa nasubiri mzigo dukani, kwa hiyo nikapanga tufike siku ya mwisho. Halafu nikaona, aa, kwa nini niende peke yangu? Watoto wako likizo, mama watoto hajatoka siku nyingi, tufanye safari ya familia kabisa. Binti yangu wa miaka minane akafurahi mno. Mdogo wake alikuwa bado ananyonya.

Nilipofika Gehandu kumchukua, nikamkuta baba ameshapanga mambo yake.

"Tutalala Dongobesh kwa rafiki yangu," akasema. "Ana nyumba mbili. Wewe na mwenzako na watoto mtalala ile kubwa, mimi nitalala na yeye ile ndogo. Alfajiri tunaondoka, saa moja tuko Mbulu."

Huyo rafiki yake ni mkulima, Mwiraqw, si wa kabila letu, ila ndiye aliyemtunzia ng'ombe mwaka mmoja wa ukame, na tangu hapo wakawa kama ndugu. Ni mzee mwema. Lakini choo chake kiko nje, na Noah yangu ilikuwa mpya.

"Baba, zama hizo zimepita," nikamwambia. "Nimeshaweka chumba Mbulu, kwenye loji. Siyo gesti, ni loji. Kuna maji ya moto yanatoka ukutani."

"Ukutani?" akauliza, akacheka kidogo. Hakubishana.

Chumba chenyewe nilikuwa nimekichagua kwenye simu, kwa kutazama picha. Nilipopiga, dada wa mapokezi aliniambia mji umejaa wagonjwa wa macho na ndugu zao, kimebaki chumba kimoja tu, chumba cha familia, mnaenea wote. Mimi kichwani nikajichorea vyumba viwili na kisebule katikati. Sikuuliza. Mjuaji haulizi.

Tulipoanza kupandisha kuelekea Dongobesh simu ikaita, nikaiweka sauti ya juu ili niendelee kuendesha. Alikuwa yule rafiki wa baba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema chai iko jikoni na jogoo ameshakamatwa.

"Leo hatupiti, mzee wangu," nikamjibu. "Huyu rafiki yako siku hizi ni mtu wa hoteli, bwana!"

Nikacheka kwa sauti. Yule mzee naye akacheka, kicheko cha adabu, akatutakia safari njema. Baba alikuwa kiti cha mbele, pembeni yangu. Alivuta shuka lake begani. Tulipita Dongobesh jua bado liko juu, na mama watoto, aliyekaa nyuma na watoto, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia aache kunivuruga nikiwa kwenye usukani.

Mbulu tulifika saa kumi na moja jioni, baridi inachoma masikio. Niliwashusha mlangoni nikaenda kugeuza gari uani. Niliporudi nikakuta balaa dogo mapokezi. Yule dada alikuwa na daftari la wageni mbele yake, anamwuliza mke wangu jina la mzee, na mke wangu hataji.

"Ni baba yake baba watoto," alikuwa anasema.

"Sawa, dada, lakini anaitwa nani?"

"Mwulize mwenyewe, huyo hapo."

Yule dada akawa anamtazama kama mtu aliyemwokota mzee njiani. Hakujua. Kwetu sisi mke hatamki jina la baba mkwe wake maishani. Hata neno la kawaida likifanana na jina hilo, analizunguka, anatafuta jingine. Mke wangu amelelewa hivyo na mama yangu alikuwa hivyo. Mimi badala ya kumsaidia nikamcheka mbele ya mgeni. "Mama watoto, huku ni mjini, wacha ushamba!" Nikaliandika jina mwenyewe kwa herufi kubwa.

Kisha tukaoneshwa chumba. Kilikuwa kimoja. Vitanda viwili vilivyoachana kwa hatua moja, na bafu la ndani ambalo badala ya mlango lina pazia la nailoni. Maji ya moto yalikuwepo kweli, kutoka ukutani.

Mke wangu alisimama kizingitini, mtoto mgongoni, hakuingia. Nilimwona anavyotazama vile vitanda. Jamani, hata mimi nilielewa palepale, nisijifanye. Kulala chumba kimoja na baba mkwe, kuoga nyuma ya pazia yeye akisikia maji yanavyomwagika, hilo kwetu halina hata jina. Ni kama kumvua nguo mzee wa watu sokoni.

"Turudi Dongobesh," akasema kwa sauti ya chini. "Hata saa nzima haifiki. Tumpeleke Baba akalale, asubuhi umfuate."

Angalia jinsi lilivyokuwa jambo dogo. Kugeuza gari tu. Lakini nilikuwa nimeshasema yale maneno ya hoteli kwenye simu, nikacheka, na sasa nikapige hodi kwa yule mzee niombe kitanda? Hasira zikanipanda. Ninapokuwa na aibu mimi huwa nakasirika, na huwa namkasirikia aliye karibu.

"Unataka nini wewe?" nikamfokea. "Tutazima taa. Mzee mwenyewe haoni! Atajua nini?"

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pale koridoni, hatua tatu kutoka mgongoni kwangu.

Mke wangu alifumba macho. Mimi sikugeuka. Nilijifanya naangalia swichi ya taa, nikaiwasha, nikaizima, nikaiwasha.

"Nipe funguo za gari," baba akasema nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nimeacha fimbo yangu."

Fimbo ilikuwa mkononi mwake. Nikampa funguo. Binti yangu akamshika mkono wakatoka, nikamsikia mtoto anauliza kule nje, "Babu, kwa nini unataka kukaa kwenye gari?" Naye akamjibu, "Nalinda gari la baba yako. Ni jipya."

Nilimfuata, sikatai. Nikamkuta ameshakaa kiti cha nyuma, amejikunja ndani ya shuka lake. Nikamwambia Baba, twende ndani. Akasema hapana, hapa pazuri. Nikamwambia Baba, huku ni Mbulu, kuna baridi. Akasema amelala porini na fisi, hawezi kushindwa na gari lenye viti vya sponji, na kwamba mwanamke anayenyonyesha hawezi kulala nje. Mara mbili nilimbembeleza. Mara ya tatu sikubembeleza. Nilikuwa na njaa, na moyoni, Mungu anisamehe, niliona kwamba tatizo limekwisha.

Mke wangu alimpelekea blanketi letu kwa mkono wa binti, na chai, na chapati. Kisha yeye akalala amenipa mgongo. Na mimi nilioga maji ya moto. Nililala. Watu husema aibu inamnyima mtu usingizi, labda wengine. Mimi nililala fofofo mpaka mke wangu aliponiamsha kwa kunisukuma bega.

Vioo vya Noah vilikuwa vimefunikwa na ukungu kwa ndani, na kabla sijafungua mlango nilisikia kikohozi. Kikavu, cha kutoka chini kabisa. Nikasema ni vumbi la jana.

Foleni ya hospitali ilienda vizuri, wauguzi walikuwa watu wastaarabu sana. Kila mgonjwa alikuwa na ndugu yake wa kumshika mkono. Saa nne tukaingia kwa daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole. Akamwamkia baba shikamoo, akamulika jicho la kulia, la kushoto, akasema yote mawili yanafaa, yataona vizuri tu. Nilifurahi nikataka kupiga makofi. Baba akakohoa.

Daktari akasubiri. Baba akakohoa tena, safari hii akainama.

"Pole, mzee wangu. Umeanza lini kukohoa?"

"Leo."

"Umelala wapi? Umepigwa na baridi?"

Nilikuwa nimemshika bega. Nilihisi bega lile linavyotulia.

"Hapana," baba akasema. "Nimelala ndani na wanangu. Hotelini. Kuna maji ya moto yanatoka ukutani."

Baba yangu hasemi uongo. Nimekaa naye miaka arobaini, sijawahi kumsikia. Alijifunza pale, uzeeni, mbele ya daktari, kwa ajili yangu, na mimi nilisimama nikamwacha aseme. Ningeweza kusema, daktari, mzee amelala kwenye gari, kosa langu. Maneno mengi yote niliyonayo, hayo mafupi yalinishinda.

Daktari akanieleza mimi, taratibu. Mtu akikohoa wakati wembe uko ndani ya jicho, jicho linaweza kuharibika moja kwa moja. Hawezi kujaribu. Leo ni siku ya mwisho, kesho wanaondoka. Mzee akapone kifua, wao watarudi, lini hajui, tutatangaziwa. Akampa dawa na kumwomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi!

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Baba aliuliza kama mahindi ya watu wa huku yameshavunwa, binti yangu akawa anamsimulia kila anachokiona dirishani: shamba, punda, mama amebeba kuni. Baba anaitikia, ehee, ehee. Mke wangu hakunisemesha hadi Gehandu, na hata Babati ilichukua siku kadhaa. Siku aliponisemesha alisema jambo moja tu, kwamba hakuumia nilipomwita mshamba, aliumia kwa sababu mzee alisikia lile neno la kwamba haoni, na yeye kama mkwe asingeweza kwenda kumwomba msamaha, maana angeanzaje? Nikamwambia nitakwenda mimi. Sikwenda. Nilituma dawa za kifua kwa basi, nikatuma na sukari. Kila Jumapili nilipanga kwenda, na kila Jumapili gari lilikuwa na hitilafu, hasa ile ya moyoni mwa dereva.

Madaktari walirudi mwaka uliofuata. Sikuambiwa. Baba na mke wangu walipanga kwa simu, mke wangu akazungumza na yule rafiki wa Dongobesh, na baba akasafiri kwa basi na kijana wa jirani, akalala kule alikotaka kulala tangu mwanzo. Mimi nilipata habari kila kitu kimekwisha, wakati mke wangu alipoweka sahani ya ugali mbele yangu na kusema, "Baba anaona." Nikauliza baba gani.

Siku ya pili nilikuwa Gehandu. Nilimkuta amesimama katikati ya ng'ombe, mkono juu ya nundu ya dume, kavaa miwani myeusi waliyompa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akavua ile miwani. Akanitazama. Alinitazama kuanzia kichwani, polepole, kama anavyomtazama ng'ombe anayetaka kumnunua, akafika usoni akabaki hapo.

"Umeota mvi," akasema. "Na umenenepa. Hawakuniambia."

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, kutoka Babati. Nikafungua mdomo. "Baba, ile siku ya Mbulu," nikasema, "kule kwenye loji..."

Akainua mkono kunizuia.

"Mimi kule Mbulu sikuona kitu, mwanangu," akasema. "Nilikuwa kipofu."

Kisha akavaa miwani yake, akageukia ng'ombe, na mimi nikasimama pale kwenye samadi na viatu vyangu vya mjini, naangalia chini.