Nyayo Zilizoacha Kuwaka

Mama yake Wachuka alizikwa na mguu mmoja. Ule mwingine ulikuwa umekatwa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Kwa hiyo Wachuka, mchuma chai wa Kiriaini, alipoambiwa kliniki kwamba naye anao ugonjwa huo, moyo ulimpasuka. Kifo alikiogopa, ndiyo, lakini alichohofia zaidi ni mguu.

Alimeza vidonge, na bado nyayo zilimwaka moto hata usingizi ukamruka. Jirani yake Kagure, ambaye ana dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mdomo wake mwenyewe, akamshika mkono wakipimisha majani ya chai.

"Ati bado unameza hizo? Zitakumaliza figo! Chemsha mbegu ya avokado. Dada yangu alikunywa na saa hii yuko sawa kabisa."

Wachuka akazikwangua mbegu, akazianika juu ya gunia, akazitwanga, akazichemsha. Maji yakawa mekundu, machungu ajabu. Huenda mbegu hiyo ina dawa ndani yake. Wenye maabara bado wanaichunguza. Wachuka hakuwangoja. Miezi ikapita, moto wa nyayo ukapungua, kisha ukazimika kabisa. Akatoa ushuhuda kanisani, watu wakapiga makofi, na vidonge akavitupa chooni. Kliniki hakurudi tena.

Jumamosi moja alitoka kuchuma, akaketi mlangoni avue gambuti zake za mpira. Ya kushoto ikagoma. Mumewe, Wamae, akaivuta, na soksi ikatokea imelowa damu.

"Umeumia wapi?"

"Mimi? Sijaumia."

Wamae akaingiza mkono ndani ya gambuti, akautoa haraka. Msumari ulikuwa umetoboa soli, ncha imesimama wima.

"Umetembea na hii kitu siku yote?"

 Wamae akaleta maji ya chumvi na kitambaa, akapiga magoti. Mkewe akafumba macho, akauma meno, akashikilia fremu ya mlango.

"Gusa basi, tumalize."

"Wachuka," Wamae akasema polepole, "niko ndani ya kidonda tayari."

Hapo ndipo alipoelewa. Miguu haikuwa imepona. Ilikuwa imekufa ganzi, na yeye akaishangilia.  Wamae alikimbia barabarani kutafuta gari la kuwapeleka hospitali. Wachuka akabaki peke yake mlangoni, akiufinya mguu kwa kucha, akiufinya tena, akimwomba Mungu amjalie maumivu.